Kipindi cha 11: Dawa za Kupunguza Unene Zilizo Bado Kwenye Majaribio. Historia Inatufunza Nini?

 Leo tutazungumza historia, lakini ni historia yenye kazi.

Siku hizi, uwe Isebania au Mbita, Rongo au Oyugis, ukiwa na simu mkononi unaweza kuonyeshwa tangazo la sindano mpya ya kupunguza unene. Unaambiwa ni kali kuliko zote zilizotangulia. Unaambiwa ni mpya kiasi kwamba hata hospitali kubwa hazina. Ukiuliza kwa nini hospitali hazina, unajibiwa kwamba dawa ni nzuri, inasubiri idhini tu.

Leo tutaliangalia neno hilo "tu". Je, idhini ya dawa ni muhuri wa ofisini unaochelewesha watu? Au kuna jambo kubwa linalofanyika kabla ya muhuri huo kugongwa? Jibu tutalipata katika mambo yaliyopita, mengine ya ng'ambo, na mengine ya hapa hapa kwetu.

KUTOKA KUOGOPA KUKONDA HADI KUOGOPA KUNENEPA

Wasikilizaji wetu wazee wanakumbuka miaka ya themanini, wakati Homa Bay na Migori zilikuwa bado wilaya moja, South Nyanza. Hakuna aliyekuwa akitafuta dawa ya kukonda wakati huo. Mwili mnene ulikuwa dalili ya shibe na ya nyumba yenye amani. Kisha ukaja ugonjwa wa kukondesha watu. Nchini Uganda wananchi waliuita "slim", na mwaka 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilo hilo katika jarida la The Lancet la Uingereza. Kwetu wengine walisema ni chira, wakitafuta mwiko uliovunjwa. Baadaye jina la ayaki likaenea. Mtu akipungua uzito, majirani walianza kunong'ona.

Miaka imepita na mambo yamegeuka. Ukimwi una dawa, na watu wanaishi wakizeeka nao. Lakini sasa kuna tatizo jingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya wanawake wa Kenya wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Uzito uliozidi sana si suala la urembo. Unaandamana na kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na maradhi ya moyo. Kwa hivyo mtu anayetaka kupunguza uzito asichekwe, kwa maana anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa.

Katika kaunti zetu mbili kuna sababu nyingine pia. Mwaka 2017 Kenya ilianza kutumia dawa ya dolutegravir katika matibabu ya virusi vya ukimwi. Ni dawa nzuri, ina nguvu, na wengi huimeza mara moja tu kwa siku. Lakini mwaka 2019 utafiti mkubwa uliofanywa Johannesburg, Afrika Kusini, ulionyesha kwamba baadhi ya watu wanaoitumia huongezeka uzito, hasa wanawake. Kwa hivyo wako ndugu na dada zetu ambao miaka ishirini iliyopita wangehofia kukonda, na leo wanalalamika kwamba nguo haziwatoshi. Hao ni wateja ambao muuza sindano anawatafuta. Tukumbuke jambo hili, kwa sababu tutalirudia mbele.

SOMO LA KEMRON

Kabla hatujafika kwenye sindano, tukumbuke dawa iliyowahi kutangazwa humu nchini kabla haijathibitishwa.

Mwaka 1990 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoongozwa na Dk. Davy Koech, ilitangaza dawa iliyoitwa Kemron. Ilikuwa dozi ndogo sana ya kitu kinachoitwa interferoni, na mgonjwa alikiacha kiyeyuke mdomoni. Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, aliitangaza kwa fahari. Ilisemekana kwamba wagonjwa waliotumia Kemron walipata hamu ya chakula, wakaongezeka uzito, na dalili zao zikapungua. Ilidaiwa hata kwamba wengine walipopimwa tena hawakuonekana na virusi.

Mpenzi msikilizaji, hebu fikiria habari hiyo ilivyopokelewa. Watu walikuwa wanazika kila wiki. Hapakuwa na dawa ya ARV katika hospitali zetu. Watu walisafiri kutoka mbali, na wengine kutoka nchi za nje, kuitafuta Kemron. Nani angewalaumu?

Lakini palikuwa na kasoro moja kubwa. Wagonjwa waliosemekana kupata nafuu walikuwa wamepewa dawa wote. Hapakuwa na kundi la pili la kuwalinganisha nalo. Mgonjwa anayeangaliwa kwa makini, anayekula vizuri na kutibiwa maradhi mengine madogo madogo anaweza kupata nafuu kwa muda hata bila dawa mpya. Ukimtazama yeye peke yake, huwezi kujua kilichomsaidia. Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba Kemron ilikuwa bado dawa ya majaribio.

Jibu lilipatikana kwa jirani zetu. Watafiti wa Uganda, akiwemo Dk. Elly Katabira, waliwachukua wagonjwa zaidi ya 500 na kuwagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa interferoni hiyo. Kundi la pili lilipewa kitu kinachofanana nayo kwa macho lakini kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hakujua amepewa ipi, wala daktari aliyempima hakujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili. Dawa ile haikuwasaidia wagonjwa.

Lakini watu hawakungoja. Mwaka 1996 ikaja nyingine, Pearl Omega ya Profesa Arthur Obel, na wagonjwa wakainunua kwa pesa nyingi. Nayo haikuthibitishwa kuponya ukimwi. Familia ngapi ziliuza ng'ombe na mashamba kwa ajili ya matumaini ya aina hii? Wenyewe mnajua.

DAWA ILIYOHESABIWA KWANZA

Sasa tuangalie upande wa pili wa historia hiyo hiyo. Dawa ya kwanza ya kupambana na virusi vya ukimwi, AZT, ilijaribiwa Marekani mwaka 1986 kwa watu 282. Nusu walipewa AZT, na nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya miezi michache watu 19 walikuwa wamekufa katika kundi lisilo na dawa, na mmoja tu katika kundi la AZT. Jaribio likasimamishwa mapema ili wote wapewe dawa, na idhini ikatoka Machi 1987. Utaona basi kwamba dawa inayofanya kazi kweli, kwa ugonjwa unaoua haraka, haingoji miaka na mikaka.

Hata hivyo kazi ya kuhesabu iliendelea. Ikajulikana kwamba AZT peke yake huchoka, na kufikia mwaka 1996 majaribio yalikuwa yameonyesha kwamba dawa tatu pamoja ndizo zinazoushika ugonjwa. Mwaka 2001 Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilianza kutoa dawa hizo bila malipo katika Hospitali ya Wilaya ya Homa Bay. Ilikuwa miongoni mwa hospitali za kwanza kabisa za serikali nchini Kenya kufanya hivyo. Watu waliobebwa kwa mkokoteni walirudi nyumbani kwa miguu. Haikuhitajika matangazo mengi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa hivyo Homa Bay na Migori tumeona aina zote mbili: dawa iliyotangazwa kabla ya kuhesabiwa, na dawa iliyohesabiwa kabla ya kutolewa. Tukiwa na somo hilo, twende sasa kwenye dawa za unene. Humo historia ni ndefu, na sehemu kubwa yake inahuzunisha.

VIDONGE VYA KUKONDESHA VILIVYOTANGULIA

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya silaha Ufaransa walitumia kemikali iitwayo dinitrofenoli, kwa kifupi DNP, kutengenezea baruti. Wakaonekana wanatokwa na jasho jingi na kukonda. Wengine walikufa. Mwaka 1933 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani waliijaribu kama dawa ya kupunguza unene, na kweli ilikondesha. DNP huufanya mwili uunguze chakula ovyo, kama jiko ambalo kuni zote zimewashwa kwa wakati mmoja. Katika mwaka mmoja hivi inakadiriwa watu 100,000 walikuwa wameitumia. Kisha wanawake vijana wakaanza kupata mtoto wa jicho na kupofuka. Wengine joto la mwili lilipanda wakafa, na hakuna dawa ya kulizima joto hilo likishawaka. Mwaka 1938 Marekani ilipata sheria mpya yenye nguvu ya kuizuia. Lakini hadi karne hii DNP imeendelea kuuzwa kwa siri kupitia intaneti, na imeendelea kuua.

Mwaka 1992 daktari mmoja wa Marekani alichapisha utafiti wa watu 121 tu. Aliunganisha dawa mbili, fenfluramini na phentermini. Kila moja ilikuwa na idhini yake, lakini hakuna aliyekuwa ameidhinisha zitumiwe pamoja. Watu walipungua uzito, habari zikaenea, na kufikia mwaka 1996 madaktari wa huko walikuwa wameandika mamilioni ya karatasi za dawa hizo. Mwaka 1997 hospitali ya Mayo ikatoa habari za wanawake 24 ambao vali za mioyo yao zilikuwa zimeharibika. Fenfluramini ikaondolewa sokoni Septemba mwaka huo huo.

Hapa tusikilize kwa makini. Katika watu 121, madhara hayo hayakuonekana. Yalionekana dawa ilipokuwa tayari ndani ya miili ya mamilioni. Ndiyo sababu dawa hujaribiwa kwa watu wengi. Dhara linalompata mtu mmoja kati ya 500 huwezi kuliona ukiwatazama watu mia moja. Na rafiki yako mmoja aliyetumia dawa akapendeza hawezi kukuonyesha dhara hilo. Wala picha kumi za "kabla na baada" haziwezi.

Ikafuata sibutramini. Hii iliidhinishwa mwaka 1997. Lakini wakaguzi walitaka ijaribiwe zaidi kwa watu wenye maradhi ya moyo. Watu karibu 10,000 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, na ikaonekana kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2010 ikaondolewa Ulaya na Marekani. Nyingine, rimonabanti, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2006, wakati washauri wa serikali ya Marekani waliikataa mwaka 2007 kwa sababu iliwatia watu huzuni kubwa na mawazo ya kujiua. Ulaya nayo ikaisimamisha mwaka 2008.

Basi utasema, kumbe hata idhini si kinga kamili. Ni kweli. Idhini haisemi kwamba dawa haina madhara. Inasema kwamba madhara yaliyojulikana yamepimwa yakalinganishwa na faida, na kwamba kuna watu wenye jukumu la kuendelea kuangalia. Sibutramini iliondolewa kwa sababu kulikuwa na anayeangalia. Dawa isiyoidhinishwa haina anayekuangalia wewe. Ukidhurika, dhara lako haliandikwi popote.

Jambo jingine la kukumbuka: sibutramini haijazikwa. Wakaguzi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiikuta imefichwa ndani ya vidonge na chai zinazouzwa kama mitishamba ya kupunguza tumbo. Paketi inasema majani, ndani mna kemikali iliyopigwa marufuku.

SINDANO ZA SASA

Sasa tufike kwenye sindano zenyewe. Tuseme haki: safari hii sayansi imepiga hatua ya kweli. Utumbo wetu hutoa homoni inayouambia ubongo kwamba tumeshiba, na inayosaidia kongosho kutoa insulini. Wanasayansi walitengeneza dawa zinazoiga homoni hiyo. Moja ni semaglutidi. Mwaka 2017 iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa kisukari kwa jina la Ozempic, na mwaka 2021 kwa unene kwa jina la Wegovy. Katika jaribio moja la watu 1,961, waliopewa dawa walipungua karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2 na kitu. Nyingine ni tirzepatidi, iliyoidhinishwa huko huko kwa kisukari mwaka 2022 na kwa unene mwaka 2023.

Hizi zimehesabiwa. Madhara yake yanajulikana: kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo, mawe kwenye nyongo, na mara chache kuvimba kwa kongosho. Mama mjamzito hapaswi kuzitumia. Inajulikana pia kwamba wengi wakiziacha, uzito hurudi. Daktari anayekuandikia anayajua hayo, na anaweza kukufuatilia.

Nyuma ya hizo wanakuja wadogo zao, ambao bado wako njiani. Mmoja anaitwa retatrutidi. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lake la watu 338, na waliopewa dozi kubwa walipungua asilimia 24 kwa wiki 48. Ni matokeo ya kushangaza. Lakini 338 ni watu wachache, na mapigo ya moyo ya washiriki yalionekana kuongezeka kasi. Majaribio makubwa yakaanza. Matokeo ya kwanza yalitangazwa Desemba 2025, na baadhi ya washiriki walikuwa wamepata hisia zisizo za kawaida kwenye ngozi. Hadi mwisho wa mwaka huo wa 2025 hakuna mkaguzi mkubwa wa dawa duniani aliyekuwa ameiidhinisha. Hata hivyo ilikuwa tayari inauzwa kwa intaneti kama unga mweupe kwenye vichupa, imeandikwa "kwa utafiti tu", na wakaguzi wa Marekani walikuwa wakiwaonya wanaoiuza.

Maneno hayo, "kwa utafiti tu", maana yake ni kwamba kitu hicho hakikutengenezwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Muuzaji ameyaandika ili ajikinge yeye. Kampuni inayoifanyia dawa majaribio haimuuzii mtu yeyote barabarani. Kwa hiyo kilichomo kwenye kichupa kile kimetengenezwa na mwingine usiyemjua. Hata dawa zilizoidhinishwa zinaigizwa: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutidi bandia iliyopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia imeingia katika nchi hizo, itashindwaje kuingia kwetu?

Na si kila dawa iliyo njiani hufika mwisho. Kampuni ya Pfizer ilikuwa ikijaribu vidonge viwili vya kupunguza unene. Cha kwanza, lotiglipironi, kilisimamishwa Juni 2023 kwa sababu vipimo vya ini vya washiriki vilianza kupanda. Cha pili, danuglipironi, kilisimamishwa Aprili 2025 baada ya mshiriki mmoja kuonekana kuumia ini. Mshiriki huyo alipata nafuu alipoacha dawa. Kwa nini alipata nafuu? Kwa sababu damu yake ilikuwa inapimwa kwa ratiba, na kulikuwa na daktari mwenye kazi ya kuyatazama majibu. Mtu aliyejidunga mwenyewe chumbani angejuaje kwamba ini lake linaumia, kabla macho hayajawa manjano?

NJIA HALALI YA MAJARIBIO

Isieleweke kwamba tunapinga majaribio ya dawa. Bila majaribio tusingekuwa na ARV wala chanjo. Watu wa Nyanza wamechangia sayansi kuliko wengi wanavyojua. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, wakiwemo watoto wa Siaya na Kombewa. Hata baada ya hapo haikutolewa kiholela. Septemba 2019 Kenya iliizindua kwa utaratibu maalumu katika Kaunti ya Homa Bay, na Migori ilikuwa kati ya kaunti nane zilizohusika. Watoto walifuatiliwa. Oktoba 2021 ndipo Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumiwe kwa upana. Mama uliyempeleka mtoto wako kliniki kwa chanjo ile, wewe umeiona njia halali kwa macho yako.

Njia hiyo ina hatua. Kwanza dawa hujaribiwa kwa watu wachache kuona kama ni salama. Kisha kwa mamia, kutafuta dozi na kuona kama inasaidia. Kisha kwa mamia mengi au maelfu, ikilinganishwa na kitu kingine. Ikishaidhinishwa, bado huendelea kufuatiliwa. Humu nchini jaribio la dawa lazima likubaliwe na kamati ya maadili ya utafiti, na pia na Bodi ya Famasia na Sumu. Mshiriki huelezwa kila kitu kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Dholuo au Kikuria. Hutia sahihi kwa hiari. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Hupimwa, na akiumia hutibiwa. Wala halipishwi dawa ya majaribio.

Linganisha na yule anayenunua kichupa kwa simu. Naye yuko kwenye jaribio, lakini ni jaribio lisilo na daktari, lisilo na vipimo, lisilo na daftari, na tena amelipa kuingia. Akipona hakuna aliyejifunza. Akifa hakuna aliyejifunza.

UFANYE NINI WEWE?

Kwanza, uliza maswali matatu. Dawa hii imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu? Nani ameniandikia, na anaijua afya yangu? Nikidhurika, nitamwendea nani? Muuzaji akikosa jibu la moja tu, usinunue.

Pili, kwa wewe unayetumia ARV, tafadhali usiache dawa zako kwa sababu ya uzito. Ukikatiza, virusi hupata nafasi ya kuamka na kuwa sugu. Na sindano inayokutapisha kila siku inaweza kukutapisha pamoja na kidonge chako cha ARV. Mweleze daktari au muuguzi wa kliniki yako kwamba uzito unakusumbua. Ni jambo analolijua. Atakupima presha na sukari, na mtazungumza kuhusu chakula na mazoezi, na dawa ikihitajika.

Tatu, dada unayetumia vidonge vya kupanga uzazi, fahamu kwamba tirzepatidi inaweza kuvipunguza nguvu. Hata dawa nzuri huhitaji mtu wa kukueleza mambo kama hayo.

Nne, kama umeshajidunga kitu usichokijua, usione haya. Ukiwa na maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, kutapika kusikokoma, macho ya manjano, joto kali la mwili au moyo kwenda mbio, nenda hospitali mara moja, iwe kituo kilicho karibu nawe au hospitali ya rufaa ya Migori au ya Homa Bay. Beba kichupa chenyewe. Kitamsaidia daktari, na taarifa yako ikifikishwa kwa Bodi itawasaidia wengine.

Mpenzi msikilizaji, tulianza na neno "tu". Mwaka 1990 watu wetu waliambiwa dawa imepatikana, wakaamini kwa sababu walikuwa na shida ya kweli. Anayetaka kupunguza uzito leo pia ana shida ya kweli. Historia haimwambii asitumie dawa. Inamwambia atumie ile ambayo watu wengine wamekwisha kuhesabiwa juu yake, kwa ridhaa yao na chini ya uangalizi. Kazi hiyo ya kuhesabu ndiyo idhini yenyewe.

 

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Kwa nini wagonjwa waliopata nafuu hawakutosha kuthibitisha kwamba Kemron ilikuwa dawa?

2. Kwa nini madhara ya fenfluramini na phentermini hayakuonekana katika watu 121?

3. Kuna tofauti gani kati ya mshiriki wa utafiti halali na mtu anayenunua dawa iliyoandikwa "kwa utafiti tu"?

4. Katika kijiji chenu, mtu anayesumbuliwa na uzito anaweza kwenda kwa nani apate ushauri bila kuchekwa?